Msiba na Mwenye Kuulizwa: Kufasiri Mikasa katika Usukuma

Msiba mmoja ukiingia katika nyumba mbili hautoki na sura moja. Ng'ombe akifa katika zizi la mtu wa Kasoli, mwenye ng'ombe aweza kusema kwamba mnyama amekufa kwa ndigana. Aweza kusema kwamba babu yake amekasirika kwa kuwa hajatambikiwa tangu mavuno ya mwaka juzi. Aweza kusema kwamba ndiyo kudra ya Mungu. Aweza pia kuinua macho akatazama moshi unaotoka katika nyumba ya jirani yake mjane. Ng'ombe ni yule yule, na hasara ni ile ile. Lakini kwa jawabu la kwanza atatafuta dawa ya kupe, kwa la pili atapika pombe, kwa la tatu atalala usingizi, na kwa la nne huenda asilale yeye, wala asiamke mjane.

Kasoli ni kata ya Wilaya ya Bariadi, katika nchi ya Wanyantuzu, ambao ni Wasukuma wa upande wa mashariki. Zamani Bariadi ilihesabiwa ndani ya Maswa, kisha ikawa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Mwaka 2012 ulipoundwa Mkoa wa Simiyu, mji wa Bariadi ukawa makao makuu yake. Ni nchi ya mbuga na udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Nchi ya pamba, mtama, mahindi na viazi vitamu. Nchi ya ng'ombe wengi na miti michache. Pana kiwanda cha kuchambulia pamba. Sikuichagua Kasoli kwa ajili ya ajabu yoyote iliyotokea pale. Nimeichagua kwa kuwa ni mahali pa kawaida katika eneo ambalo, kwa muda wa miaka mia hivi, swali la nani aliyeleta msiba limepata majibu ya namna nyingi, na majibu hayo yameacha alama katika sheria, katika hesabu za polisi, katika misitu, na katika maisha ya vikongwe.

Kwamba tafsiri ya jambo humdhuru au kumnufaisha mtu kuliko jambo lenyewe, si habari mpya. Wanafalsafa wa kale wa Uyunani waliifundisha. Viktor Frankl, daktari wa Vienna aliyetoka hai katika kambi za mateso za Wajerumani, alichapisha mwaka 1946 kitabu ambacho shabaha yake ni kuonyesha kwamba mwenye kuona maana katika mateso yake huweza kuyahimili kuliko asiyeiona. Katika miaka ya 1960 Aaron Beck wa Philadelphia alianza kuwatibu watu wenye huzuni nzito kwa kuwafundisha kuchungua jinsi wanavyojifasiria yale yanayowapata. Mafundisho haya yamewafaa wengi, wala mimi siyadharau. Lakini yana upungufu mmoja unaoonekana mara moja mtu akiyachukua mpaka Usukuma: humtazama mwanadamu kama kwamba amekaa peke yake chumbani na fikira zake, na kama kwamba fikira zikibadilika, aliyebadilikiwa ni yeye tu. Mtu wa Kasoli hafasiri msiba wake peke yake. Hufasiri pamoja na shangazi, wajomba, wazee wa ukoo na mfumu aliyeendewa usiku. Na tafsiri ikiisha kutulia kichwani mwake, hutoka nje, huvuka ua, hubisha hodi kwa mtu mwingine. Huyo anayebishiwa hodi ndiye ambaye vitabu vya elimu ya nafsi havimtaji.

Yafaa kwanza kuondoa dhana moja mbaya. Wageni wengi walioandika juu ya watu wa bara walidhani kwamba anayetaja uchawi ni mtu asiyejua sababu za kawaida za mambo. Mwingereza E. E. Evans-Pritchard aliisahihisha dhana hiyo mwaka 1937 katika kitabu chake juu ya Waazande wa Sudani. Ghala huanguka kwa kuwa mchwa wamekula nguzo, na kila Mzande alilijua hilo. Lakini kwa nini lianguke saa ile ile walipokuwa wameketi chini yake watu hawa, wala si wengine? Mchwa hawana jibu la swali hilo. Ndivyo ilivyo katika Usukuma. Mkulima anajua funza wa vitumba ni nini, na anajua kwamba mtoto aliyekunywa maji ya lambo huharisha. Asilolijua, na ambalo hata mimi na wewe msomaji hatulijui, ni kwa nini funza wamekula shamba lake wakaliruka la jirani, na kwa nini mtoto aliyekufa ni wake. Swali la "kwa nini mimi?" halina jibu la kitaalamu. Hubaki wazi kama mlango usio na komeo, na yeyote apitaye aweza kuingia.

Desturi ya zamani ilikuwa na watu maalumu wa kuuchunga mlango huo, nao ni wafumu. Namna ya kupiga bao iliyo mashuhuri zaidi kwa Wasukuma ni ile ya kuku: mteja hukitemea mate kifaranga, kifaranga hupasuliwa, na mfumu husoma katika mbawa, mifupa na matumbo yake habari za aliyekitemea. Lililo kubwa hapa ni wingi wa majibu yaliyoweza kusomwa ndani ya kuku yule. Msiba uliweza kuwa umetoka kwa Mungu, ambaye hakuna wa kumshitaki. Uliweza kuwa umetoka kwa masamva, yaani mizimu ya ukoo, waliosahauliwa au waliochukizwa na ugomvi wa watoto wao. Uliweza kutokana na deni, kama mahari isiyolipwa au ahadi iliyovunjwa. Na uliweza kutokana na bulogi, yaani uchawi wa mtu aliye hai.

Tafakari jawabu la masamva lilivyofanya kazi. Mshitaki ni marehemu. Mshitakiwa ni mgonjwa mwenyewe na jamaa zake. Pombe hupikwa, ndugu walionuniana huitwa wakae mahali pamoja, maneno yaliyofichwa husemwa mbele ya vijumba vidogo vya mizimu, na ikiwa mgonjwa hapati nafuu ya mwili, walau hupata ndugu. Hakuna aliye hai anayeumizwa. Zaidi ya hayo, mara nyingine mfumu alisoma kwamba maradhi si adhabu bali ni wito: masamva wamemshika mtu huyu kwa kuwa wanataka awe mfumu, kama babu yake alivyokuwa. Mwanamke aliyekuwa amelala miezi mingi bila nguvu, akiogopwa na kuchokwa, huinuka akaanza kufundishwa miti na mizizi. Wafumu wengi wa Usukuma hueleza hivyo mwanzo wa kazi yao: waliugua kwanza. Kama ningeulizwa mfano ulio bora wa tafsiri inayobadili udhaifu kuwa cheo, ningetaja huu kabla ya kitabu chochote cha Vienna.

Sisemi kwamba zamani ilikuwa peponi. Wachawi walioshukiwa walifukuzwa, na wengine waliuawa, tangu kabla ya Mzungu wa kwanza kuvuka mto Simiyu. Ninalosema ni kwamba jawabu la uchawi lilikuwa moja kati ya kadhaa, na lilikuwa na wapinzani.

Na kwa msiba ulio mkubwa kuliko yote, yaani ukame, jawabu lilielekea juu wala si chini. Ntemi ndiye aliyekuwa na dhamana ya mvua. Mwili wake ulihesabiwa kuwa umefungamana na nchi. Afya yake ni rutuba, na aibu yake ni kiangazi. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi ya kuchunguza mila kwa serikali ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1951 kitabu kizima juu ya miviga ya ntemi wa Kisukuma, na humo yaonekana jinsi mtawala huyu alivyolindwa, alivyowekewa miiko, na alivyohesabiwa. Mvua ikikosekana misimu mfululizo, waliomsimika waliweza kumwondoa. Tunaweza kuicheka hesabu hiyo, maana hakuna ntemi aliyepata kuamuru wingu. Lakini hebu tuitazame kama tafsiri ya msiba, tuulize ni nani aliyelipa gharama yake. Alilipa mwenye nguvu. Njaa ilipoingia katika nyumba ya mjane, lawama ilikwenda ikulu.

Waingereza waliibomoa hesabu hiyo bila kujua kwamba wanaibomoa. Kwa Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, ntemi alikuwa mtumishi wa serikali, mwenye mshahara, mahakama, na kodi ya kukusanya. Bwana Shauri aliweza kumfukuza kwa upotevu wa fedha. Hakumfukuza kwa upotevu wa mvua, na wala hakuruhusu wengine wamfukuze kwa hilo. Ntemi akapumua. Ukame haukukoma, ila ulikosa mwenyewe. Wakati huo huo Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1922 na kuandikwa upya mwaka 1928, ilifanya kuwa kosa si tu kudai kuwa na uchawi bali pia kumtaja mtu kuwa ni mchawi. Jambo la ajabu katika sheria hiyo, ambayo ingali hai katika vitabu vyetu kama Sura ya 18, ni kwamba ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru anayeshukiwa akae mahali fulani mbali na kwao. Yaani serikali iliyokataa kwamba wachawi wapo ilijiwekea njia ya kuwahamisha. Matokeo yalikuwa mazito: baraza la hadhara, ambamo mshukiwa aliweza kujitetea na ntemi akakataa mashitaka, lilifungwa, mnong'ono haukufungwa, maana sheria haiwezi kuufunga mnong'ono.

Hata hivyo karne ya ishirini ilileta pia jawabu jema, nalo lilitoka kwa wakulima wenyewe. Pamba ilipoenea, mkulima aliyefikisha mzigo wake kwa mnunuzi alipata fedha chache kuliko alizotarajia. Je, ni bahati mbaya? Ni nuksi? Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walilifasiri jambo hili kwa namna nyingine kabisa: walisema ni mizani. Wakachagua wapimaji wao wenyewe wa kusimama kando ya mnunuzi na kusoma uzito. Kutokana na mwanzo huo mdogo vilikua vyama vya ushirika ambavyo Paul Bomani alikuwa kiongozi wao mashuhuri, na ambavyo mwaka 1955 viliungana kuwa Victoria Federation, muungano uliohesabiwa kuwa miongoni mwa mikubwa ya wakulima katika Afrika. Naomba msomaji asipite haraka hapa. Swali lilikuwa lile lile la "nani?" Wakulima hawakuambiwa na mtu waache kuuliza nani, wakae wakiuliza nini. Waliuliza nani, wakapata jibu lililoweza kupimwa kwa ratili, na lililokuwa na mtu wa kubishana naye mchana.

Sasa tufike katika miaka ambayo mambo yaliharibika. Mwaka 1963 serikali huru ya Tanganyika ilifuta utawala wa watemi. Mwaka 1974 watu wa Shinyanga walihamishwa kwa mkupuo kuingia vijijini. Msukuma alikuwa amezoea kukaa katika mji wake, mbali na mwenziwe kwa umbali wa mbuga au shamba. Ukigombana na jirani ulihama, na nafasi ilikuwapo. Kwa operesheni ile nyumba zilisongamana katika mistari, watu wasiochaguana wakawa wanasikia kikohozi cha wenzao. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa na pamba ikawekwa chini ya mamlaka ya serikali. Watu wanaoweza kuulizwa juu ya msiba walikuwa wameondoka mmoja baada ya mwingine. Ntemi hayupo, ushirika haupo, mpimaji hayupo. Aliyebaki, mtu aliye karibu, asiye na silaha wala mtetezi, alikuwa bibi wa nyumba ya pili.

Hii ni rai yangu, na najua yaweza kubishiwa: mauaji ya vikongwe yalikuwapo hata kabla, na R. E. S. Tanner aliandika juu yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1970. Lakini wingi wake katika miaka iliyofuata hauna mfano. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyefanya utafiti wa udaktari juu ya jambo hili, alikusanya hesabu za nchi nzima kati ya 1970 na 1984: watu 3,693 waliuawa kwa sababu ya kushukiwa uchawi, 1,407 wanaume na 2,286 wanawake, na zaidi ya nusu yao katika Usukuma. Naomba tusizisome tarakimu hizi kama tunavyosoma mavuno. Karibu kila mmoja wa hao alikuwa jibu la swali ambalo mtu mwingine aliuliza juu ya mtoto wake, ng'ombe wake au shamba lake. Na aliyeuliza, baada ya kulipata jibu na kulitimiza kwa panga, huenda kweli alilala vizuri kwa siku kadhaa. Ndiyo sababu siridhiki na mafundisho yanayotuambia tuchague tafsiri ituleteayo utulivu. Utulivu wa nani?

Serikali nayo ilijaribu kufasiri. Mwaka 1976 ilifanya operesheni kali katika Mwanza na Shinyanga dhidi ya waliodhaniwa kuhusika na mauaji hayo. Watuhumiwa waliteswa, na baadhi walikufa mikononi mwa dola. Mapema mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Hakumtesa mtu kwa mkono wake, wala hakuna aliyedai hivyo. Alisema tu, kwa kitendo chake, kwamba jambo lililotokea chini ya wizara yake ni lake. Wanahistoria wa siasa hulitaja tendo hili kama mfano wa uwajibikaji wa kisasa. Kwa mtu wa Usukuma wa kale lisingekuwa na ugeni wowote: nchi imeharibika, na mwenye kiti amesimama. Nimelitaja kwa kuwa ni mojawapo ya nyakati chache katika historia hii ambapo lawama ilipanda kilima badala ya kuteremka. Na si ajabu kwamba miaka michache baadaye, walipojipanga wanakijiji katika Sungusungu ili kupambana na wezi wa ng'ombe wenye bunduki, kiongozi wao walimwita ntemi. Neno lilikuwa limefutwa kwa sheria, lakini nafasi yake ilikuwa imebaki wazi miaka yote hiyo.

Kuna dalili moja iliyowaua vikongwe ambayo imenishughulisha kuliko nyingine, nayo ni macho mekundu. Katika Usukuma, mwanamke mzee mwenye macho mekundu alihesabiwa, na mahali pengine angali anahesabiwa, kuwa ameonyesha alama ya uchawi. Macho yale yana historia, na historia hiyo yasomeka vizuri kuliko kuku. Mtu hukaa miaka hamsini kwenye jiko la mafiga katika nyumba isiyo na dirisha. Macho huwa mekundu kwa moshi. Moshi huwa mkali zaidi kuni zikikosekana na watu wakapika kwa samadi ya ng'ombe na mabua ya pamba. Na kuni zilikosekana kwa sababu zilizoandikwa. Tangu miaka ya 1920, chini ya Charles Swynnerton na idara yake ya utafiti wa mbung'o iliyokuwa Shinyanga, misitu ilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o. Halafu pamba ikataka mashamba, na ng'ombe wakataka malisho. Nchi ikawa uwanda mtupu. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ambao hadi kumalizika kwake mwaka 2004 uliwasaidia watu kurudisha ngitili, yaani zile akiba za malisho ambazo Wasukuma walikuwa wakizitenga tangu zamani. Zaidi ya hekta 300,000 za vichaka na miti zilirudi, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa ule, ambao wakati huo ulikuwa pamoja na Bariadi, Maswa na Meatu.

Sijui kama mtaalamu yeyote wa misitu alifikiri kwamba anaokoa vikongwe. Lakini mashirika yanayowatetea wazee katika Usukuma, HelpAge International likiwa mojawapo, yaliuona uhusiano huo yakaanza kuwafundisha wanawake kujenga majiko yanayotumia kuni chache na kutoa moshi kidogo. Kuna wasomi watakaosema kwamba hii ni kutibu dalili na kuacha imani. Mimi naona si jambo dogo. Ikiwa jirani yako anasoma kifo chako katika macho yako, kuyafanya macho kuwa meupe ni kumnyang'anya ukurasa.

Isitoshe, si kila msomaji wa macho ni mwenye hofu ya kweli. Mjane ana shamba. Mjane ana ng'ombe wachache. Mjane ana watoto wa marehemu mumewe waliozaliwa na mama mwingine. Katika kesi nyingi tafsiri ya uchawi iliwafaa watu waliokuwa na haja ya ardhi kabla ya kuwa na haja ya maelezo, na vijana waliolipwa kufanya mauaji hawakuwa wamepoteza mtoto wala ndama. Kiswahili chetu, nasikitika kusema, kimewasaidia. Methali ya "kikulacho ki nguoni mwako", ambayo mwalimu huifundisha darasani kwa nia njema, ukiichukua mpaka kwenye kitanda cha mgonjwa wakati wa usiku huwa ushahidi wa mashitaka.

Hata furaha hufasiriwa. Mkulima wa Bariadi akipata pamba nyingi kwa jasho lake, hukosi kusikia kwamba ana misukule wanaomlimia usiku. Wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu, vyama viwili vinavyoshindana uwanjani kuvuta watazamaji, hupewa sifa si ya miguu yao tu bali ya dawa ya mvuto, iitwayo samba. Hili la ngoma ni la mchezo, lina ladha yake, na sioni dhara. La pamba lina dhara: humfanya mtu aogope kustawi. Hayawezi kupimwa mazao ambayo hayakupandwa kwa kuogopa ulimi wa jirani.

Na katika wilaya hii hii ya Bariadi kipo kijiji cha Gambosi, ambacho Watanzania wengi hukiita Gamboshi, na ambacho sifa yake imevuka mipaka ya mkoa: husemwa ndiyo makao makuu ya wachawi wa nchi. Watu wa Dar es Salaam ambao hawajapata kuiona Bariadi hutoa mizaha juu ya Gamboshi; wasanii huitaja; mtumishi akipangiwa kazi huko rafiki zake humpa pole. Wenyeji ni wakulima na wafugaji kama wa Kasoli. Wamewaeleza waandishi wa habari mara nyingi kwamba sifa ile imewachosha. Nataka msomaji msomi, ambaye huenda amesoma mpaka hapa akijihesabu kuwa nje ya jambo hili, auangalie mfano huo. Kijiji kizima kimefanywa jibu la swali ambalo hakikuulizwa. Kwa kikongwe ni macho, kwa Gambosi ni jina. Na wanaosoma jina hilo si watu wasiokwenda shule. Kwa kweli ni sisi.

Mwaka 2002 Bunge lilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na waganga wakaanza kuandikishwa. Januari 2009, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino kuitikisa nchi, Serikali ilifuta leseni za waganga wote wa jadi. Hatua hiyo ilimweka kundi moja mfumu anayesema "pikeni pombe, mpatane na ndugu zenu" na yule anayesema "mtu wako yuko upande wa mashariki, ana mjukuu mmoja na nyumba ya nyasi". Lakini katika miaka iliyofuata, katika hotuba za viongozi na taarifa za polisi wa Kanda ya Ziwa, lilienea neno ambalo kamusi za zamani hazina: ramli chonganishi. Mwalimu wa lugha hana budi kusimama hapo. Kuchonganisha ni kuwatia watu ugomvi kwa maneno ya pembeni. Lina undugu na chongea. Na sifa katika Kiswahili hutenga: anayesema "maji machafu" amekubali kwamba yapo masafi. Aliyetamka mara ya kwanza ramli chonganishi, awe askari au mwandishi au mwanakijiji, alikuwa amekumbuka, bila kusoma Cory wala Mesaki, kwamba ndani ya kuku yule yule mlikuwa na majibu mengine. Sheria haijayatenga hata leo. Polisi akifika Kasoli kumkamata mpiga ramli, hana kifungu cha kumwuliza ramli yake ilimtaja nani, aliyekufa au aliye hai. Wazee wa kijiji ndio wanaoliuliza swali hilo, nao huliuliza kwanza.